Bure yenye kufuli

Jamani, nipo Tabora. Juzi nilifika Kwihara kuliona tembe la Livingstone. Mnaikumbuka habari yake: Machi 1872 Stanley alimwacha mzee hapo, akashuka pwani kumtafutia wapagazi. Mzee akasubiri mpaka Agosti walipofika. Miezi mitano!

Niliongozana na kijana aliyemaliza Kidato cha Nne. Shuleni alikuwa kwenye klabu ya roboti, na bado anataka kusanifu mkono wa roboti kwenye kompyuta ya mjomba wake. Amesikia programu za usanifu ni bure kwa wanafunzi. Akaniuliza, "Kaka, mimi sasa hivi ni mwanafunzi au siyo?"

Nilikosa jibu.

Chukua Autodesk, wenye AutoCAD na Fusion. Mwanafunzi anapewa bure kwa mwaka mmoja, kisha anaomba upya. Sharti ni awe ameandikishwa shuleni, na akitakiwa uthibitisho atoe karatasi yenye jina lake, jina la shule na tarehe ya masomo ya sasa. Kwa kijana wa London hiyo ni kazi ya dakika tano. Kwetu je? Mtihani Novemba, matokeo Januari, Kidato cha Tano Julai. Zaidi ya nusu mwaka kijana hayumo kwenye daftari la shule yoyote, na ndiyo miezi aliyo na nafasi ya kujifunza!

Sisemi wasihakiki. Mali ni yao, na wapo watu wenye ofisi wanaojiita wanafunzi. Ninachosema ni kwamba sheria iliyoandikwa kwa kalenda ya wengine isiitwe bure kwa wote. Waukubali muda wa kusubiri matokeo, na barua ya mwalimu wa klabu itoshe.

Na sisi tusijifanye malaika. Ni shule ngapi zinampa mtoto kitambulisho chenye tarehe? Barua ya mistari mitatu yenye mhuri inamgharimu nini mkuu wa shule?

Halafu klabu zenyewe. Kwa nini tunaanza na programu ya kuombea ruhusa? FreeCAD ipo tangu 2002. Ni programu huria: haikuulizi umri wala shule, unaibeba kwenye flashi, na ikishawekwa inafanya kazi bila intaneti. Mtasema viwandani hawaitumii. Sawa, lakini milimita ni milimita, na aliyejua kusanifu kwenye moja atahamia nyingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili kwa sababu programu huria haikumlazimu mtu kuomba kibali. Somo hilo tumelisahau?

Mzee Livingstone alisubiri kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Yule kijana nimemwekea FreeCAD jioni ile ile. Wewe mwenye flashi, unasubiri nini?