Mtoto Mwenye Soni Hakuharibiwa na Mama Yake



Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, alitujia mama mmoja na mwanawe wa miaka sita. Mtoto alijificha nyuma ya buibui la mamake, na tulipompa mkono hakuutoa wake. Mama akatueleza kuwa mwanawe hachezi na wenzake, na nyumba ikiingia wageni hukimbilia uvunguni mwa kitanda. Mawifi wanasema amemdekeza. Jirani anasema ni jicho la hasidi. Kisha akatuuliza kwa sauti ya chini: "Maalim, ni mimi niliyemharibu?"

Suali hili wazazi wengi huliuliza kimoyomoyo, nasi tumeona tulijibu hapa.

Tuna methali mbili zinazovutana. Moja yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyingine yasema mwana wa nyoka ni nyoka. Ya kwanza hutumiwa kumlaumu mama, na ya pili kumkatisha tamaa. Kila moja ina sehemu yake ya ukweli, na hakuna iliyo na ukweli wote.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, bedui mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka juu ya mtoto aliyezaliwa na rangi isiyofanana na yake. Mtume akamuuliza juu ya ngamia wake wekundu, kama yumo miongoni mwao wa kijivu. Bedui akakiri kuwa yumo, na kwamba huenda amevutwa na asili ya nyuma. Mtume akamjulisha kuwa na mwanawe huenda ni vivyo hivyo.

Asili haivuti rangi peke yake. Huvuta na tabia. Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa mapacha. Mapacha wanaofanana kabisa wana urithi mmoja, na wasiofanana hushirikiana takriban nusu, kama ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Imeonekana kuwa wale wa kwanza hukaribiana zaidi katika soni na kujitenga. Makadirio mengi huangukia karibu na nusu: yaani, kiasi cha nusu ya tofauti zilizopo baina ya watoto katika tabia hii hutokana na urithi. Wala si jeni moja iliyo na kazi hiyo, bali ni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Kila mtoto hupata mchanganyiko wake kutoka kwa baba na mama, na ndiyo sababu ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja huwa msemaji wa mtaa na mwingine hasikiki.

Huko Marekani, mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne. Aliwaonyesha vitu vigeni vinavyoning'inia na kuwasikilizisha sauti wasizozijua. Kiasi cha mmoja katika kila watano alirusha mikono na miguu na kulia. Walipofikia miaka miwili, wengi wa hao ndio waliowaogopa wageni. Je, mtoto wa miezi minne amedekezwa lini?

Lakini urithi si hukumu. Wengi katika watoto hao hawakukua wakiwa waoga. Ilionekana pia kuwa mama aliyekimbilia kumwokoa mtoto katika kila jambo dogo aliizidisha hofu yake, na aliyemwachia ayakabili mambo madogo huku yeye yupo karibu aliipunguza.

Na jamii nayo ina mkono wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwalinganisha watoto wa Shanghai na wa Kanada. Huko Shanghai mtoto mkimya alipendwa na wenzake. Kanada mtoto wa tabia ile ile alitengwa. Basi na tutazame majina tunayowapa watoto wetu: "bubu", "mshamba", "hana adabu, hasalimu". Mtoto husikia, naye huamini.

Hapa nasi tuna la kutubia. Miaka mingi iliyopita tulimsimamisha mtoto mmoja mbele ya watu siku ya maulidi, asome aya alizozihifadhi kuliko wenzake wote. Tulijua ana soni, tukadhani kumsukuma ndiyo dawa. Alinyamaza, machozi yakamtoka, na waliokuwapo wakacheka. Hakurudi chuoni tena. Kosa lilikuwa letu, wala halikuwa lake.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi. Msimlazimishe, wala msimfiche. Kabla ya kwenda arusini, mwelezeni atakaowakuta na mtakapokaa. Fikeni mapema, kabla umati haujajaa. Akiulizwa jina lake, msimjibie, subirini. Mtafutieni rafiki mmoja mpole aje kucheza nyumbani, kwani mmoja humtosha kuanzia.

Na tuwe waangalifu: si kila ukimya ni asili. Mtoto asiyegeuka aitwapo, aliyechelewa kusema, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe hospitali apimwe masikio na ukuaji wake. Na aliyekuwa mchangamfu kisha akajitenga ghafla, aulizwe kwa upole, faraghani, kama kuna mtu amemdhuru. Hilo lisisitiriwe kwa jina la soni, wala kwa kuchelea aibu ya ukoo.

Tulimuuliza yule mama: "Na wazee wake, kuna aliyekuwa hivi?" Akafikiri, kisha akacheka kwa mara ya kwanza. "Babangu, Maalim. Wageni wakiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutokea wa uani." Na babake huyo ni fundi seremala anayeheshimika, amelea watoto saba.

Tukakubaliana mtoto aanze chuo kwa kukaa karibu na nguzo, pamoja na binamu yake, na asome kwetu peke yake mpaka atakapozoea. Mpaka leo hajatusalimu. Lakini juzi alitusomea Alhamdu yote, kwa sauti ndogo, bila ya kukosea.

Wabillahi tawfiq.