Acheni kuandika logi kwa saa za ukutani

Jamani, hili nimelivumilia vya kutosha. Machi 2025 nilikesha na faili mbili za logi, moja ya seva ya maagizo na nyingine ya seva ya malipo. Mteja alisema alilipa saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Logi ya malipo ilikuwa na 09:14:07, sawa kabisa. Nikapiga grep ya 09:14 kwenye maagizo, kimya. Malipo yapo, agizo halipo, na dada wa kaunta ameshaandikiwa barua ajieleze.

Agizo lilikuwepo, saa 06:14:09. Seva moja iliandika UTC, nyingine saa za Nairobi, na hakuna iliyosema inatumia zipi.

Mtaniambia, "Si uongeze tatu tu kwenye skripti?" Haya, ongeza. Halafu bosi akodishe seva Ujerumani. Huko saa hurudishwa nyuma kila Oktoba, na usiku huo saa nane na dakika zake zote hupita mara mbili. Skripti yako itachagua ipi? Sisi tunasema saa tatu huku simu ikionyesha 9:00 na hatupotei, lakini awk haijakulia Kenya.

Syslog ya zamani ndiyo mbaya zaidi. Inaandika "Mar  5 09:14:07", haina mwaka, haina eneo. Ukiipanga kialfabeti, Apr inatangulia Jan. RFC 3339 ilitoka 2002, RFC 5424 ikaileta kwenye syslog 2009, na bado watu wanaacha mipangilio ya kale!

Andika hivi mwanzoni mwa kila mstari: 2025-03-05T06:14:07Z. Mpangilio wa herufi unakuwa ndio mpangilio wa wakati, na kazi yangu ya usiku kucha inakuwa amri moja:

sort -m maagizo.log malipo.log

Zile za zamani zigeuze, mradi unajua zilitoka eneo gani:

date -u -d "2025-03-05 09:14:07 +0300" +%FT%TZ

Na usilinganishe sekunde kwa sekunde. Hapo juu zimepishana mbili, hata NTP ikiwa inafanya kazi. Acha nafasi ya sekunde kadhaa, kisha hakikisha kwa namba ya muamala.

Dada wa kaunta alirudishiwa zamu zake. Ile barua bado iko kwenye faili lake.