Hesabu Usiyoipiga Wewe, Umeshapigiwa na Mwenzio



Kuna kauli tumeizoea sana mitaani: "Mimi hesabu zilinishinda skuli, nikaziacha huko huko." Mtu huisema akicheka, na wanaomsikiliza hucheka naye. Lakini hesabu haikuachi kwa sababu wewe umeiacha. Ukipanda matatu iko. Ukikopa kwa simu iko. Ukichukua pikipiki ya kulipia kila siku, hapo ndipo iko hasa. Tofauti ni moja tu: kama hupigi wewe hiyo hesabu, kuna mtu ameshakupigia, na hakuipiga kwa faida yako.

Maoni yangu ni kwamba hili ni suala la haki, sawa na haki nyingine tunazozipigia kelele hapa. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupewa taarifa za kumwezesha kufaidika na kile anachokinunua. Kifungu cha 43 kinataja hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Haya yote yameandikwa vizuri. Lakini ukipewa karatasi yenye asilimia na hujui asilimia ni nini, hiyo haki itakusaidiaje?

Tuanze na mkopo wa simu, maana huo wengi tunaujua. Chukua mkopo wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi. Umekopa shilingi 1,000, unarudisha 1,075. Sabini na tano ni nini bwana? Chai na mahamri. Sasa fuatilia yule kijana ambaye kila mwezi analipa, na siku hiyo hiyo anakopa tena kwa sababu mfuko umebaki mtupu. Mwaka ukiisha ametoa ada mara 12, yaani shilingi 900, kwa ajili ya elfu moja ile ile. Na bado anadaiwa. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka. Kama angeambiwa "asilimia 90" tangu mwanzo, angeshtuka. Aliambiwa "7.5 kwa mwezi", akatabasamu. Ni hesabu moja, imevaa nguo mbili tofauti.

Tangu 2022 kuna kanuni za Benki Kuu zinazowataka wakopeshaji wa kidijitali kuwa na leseni na kumweleza mkopaji gharama. Ni hatua nzuri. Lakini sheria haiwezi kukuzidishia mara kumi na mbili. Hiyo ni kazi yako, na kalkuleta iko ndani ya simu ile ile unayokopea.

Njoo kwenye pikipiki. Tuseme bei yake taslimu ni 180,000. Unaambiwa toa 25,000 ya mwanzo, kisha 450 kila siku kwa miaka miwili. Mia nne na hamsini unaiona ni pesa ya abiria wachache asubuhi. Zidisha sasa: 450 mara siku 730 ni 328,500. Ongeza ile 25,000, unapata 353,500. Umenunua pikipiki moja kwa bei inayokaribia ya pikipiki mbili.

Hapa mwenzangu atasema, "Lakini hiyo ni bei ya mkopo, si riba." Mambo ya mikataba, ipi inasihi na ipi haisihi, tuwaachie wenye ilimu watufafanulie. Mimi nasema jambo jingine: kitu kinaweza kuwa halali na bado kikawa ghali. Neno "bila riba" likiandikwa juu ya bango halijibu swali la "jumla ni ngapi?" Huenda hata kwa 353,500 pikipiki hiyo bado inakufaa, kwa kuwa itakulisha wewe na wanao. Sawa, ichukue. Lakini ichukue ukijua kuwa unalipa 173,500 zaidi, si kwa sababu 450 ilisikika ndogo.

Na mkeka? Hukumu ya kamari tunaijua sote, sina la kuongeza. Lakini wako ndugu zetu ambao mawaidha hayajawatoa kule, pengine hesabu itawatoa. Weka mechi kumi, kila moja ikiwa na nafasi nusu kwa nusu. Nafasi ya kupata zote ni moja kati ya 1,024. Kila mechi ikilipa 1.8, zikizidishwa zote kumi zinalipa mara 357 hivi. Yaani kwa shilingi mia unaahidiwa kama 35,700, wakati mchezo wa sawa kwa sawa ungekulipa 102,400. Huo pengo ndio unaolipia mabango na matangazo yote yale. Hukukosa bahati ndugu yangu. Ulikosa kuzidisha.

Sasa tuje kwenye lile tusilopenda kulizungumza: uzee. Ukiwa na miaka 25, miaka 60 unaiona kama safari ya Mandera kwa miguu. Lakini tazama nyumbani. Nani anamnunulia mzee dawa ya presha? Nani analipa stima ya mama? Ni wewe, na unafanya hivyo kwa mapenzi na kwa kutaka radhi zao. Kulea wazazi ni wajibu na ni baraka. Lakini kupanga kuwa mzigo kwa wanao, hali ulikuwa na uwezo wa kujiandaa, hilo si tawakul. Ngamia hufungwa kwanza.

Chukua shilingi 50 kwa siku. Kwa mwaka ni 18,250. Mtu akianza na miaka 25 mpaka 60, kwa miaka 35 ameweka 638,750. Kama pesa hizo ziko mahali panapozalisha faida, tuseme wastani wa asilimia 8 kwa mwaka, na faida hairushwi hewani bali inarudishwa ndani, zitafika kama milioni 3.14. Rafiki yake akisubiri mpaka 40, akaweka hamsini ile ile, atafika kama 835,000. Na akitaka kumfikia wa kwanza, itabidi aweke kama shilingi 188 kila siku. Miaka 15 ya "nitaanza nikijipanga" imemgharimu karibu mara nne.

Ila nisikudanganye na milioni tatu. Bei nazo hupanda. Zikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, kila baada ya miaka 14 hivi zinakuwa maradufu. Kwa mwendo huo, hiyo milioni 3.14 ya baada ya miaka 35 itanunua vitu vya kama 570,000 za leo. Inavunja moyo? Basi linganisha na aliyeweka hamsini zake chini ya godoro muda wote huo: zake 638,750 zitanunua vitu vya kama 116,000 za leo. Na yule aliyeongeza kidogo kila mwaka, asilimia 5 juu ya mwaka uliopita, kadiri bei zinavyopanda, atakuwa na thamani ya zaidi ya milioni moja ya leo. Kwa hiyo masomo ni mawili. Anza mapema. Na hamsini ya leo usiiache ibaki hamsini ya maisha.

Wengi wetu tumekimbia benki kwa kuogopa riba, na hofu hiyo ni ya kusifiwa. Tatizo ni pale tulipokimbilia. Pesa imelala kwa simu, imelala kabatini, inaliwa na bei polepole, na ikifika nisabu inatoka zaka asilimia 2.5 kila mwaka. Kuna usia wa zamani, unanasibishwa na Sayyidna Umar, kwamba mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Huo ni usia wa mtu aliyepiga hesabu! Kenya ina benki kamili za Kiislamu tangu 2008, na leo zipo skimu za pensheni na mifuko ya uwekezaji inayofuata sharia. Faida ya biashara ikirudishwa ndani ya biashara inakua kwa hesabu ile ile, bila kugusa riba. Uliza, linganisha makato yao, kisha uamue.

Aliyeajiriwa naye asome hati yake ya mshahara. Zamani NSSF ilikuwa shilingi 200 yako na 200 ya mwajiri, basi. Sheria ya 2013, iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, imeleta asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, kwa viwango vilivyowekwa. Ukilipwa 20,000, hiyo ni 1,200 yako na 1,200 yake: jumla 2,400 kwa mwezi. Je, 2,400 zinafika? Akaunti yako unaweza kuitazama mtandaoni. Mwajiri anayekukata na asipeleke anakula uzee wako, na hutajua kama hujui asilimia 6 ya mshahara wako ni ngapi. Kwa wa jua kali, NSSF ina mpango wa Haba Haba, unaanzia shilingi 25 kwa siku.

Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, ukiongozwa na James Smith wa taasisi ya RAND. Watu wa makamo na wazee waliulizwa maswali matatu mepesi ya hesabu. Moja lilikuwa hili: ukiwa na dola 200 zinazokua kwa asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka miwili utakuwa na ngapi? Jibu ni 242, si 240. Mume na mke waliopata yote matatu, mali ya nyumba yao ilikuwa wastani wa dola milioni 1.7. Pale ambapo wote wawili hawakupata hata moja, ilikuwa kama dola 200,000. Ni kweli, tajiri pia husoma skuli nzuri, kwa hiyo si hesabu peke yake iliyoleta mali. Lakini pengo kubwa namna hiyo si la kupuuzwa.

Na sisi ndio tuliopaswa kuongoza hapa. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliiweka kwa ajili ya mirathi na wasia. Alijua haki ya mjane ni sehemu ya namba. Mume akifa akaacha watoto, mke ana thumni, yaani moja ya nane. Mali ikibaki milioni 2.4 baada ya madeni na wasia, haki yake ni 300,000. Akipewa 200,000 na maneno matamu, nani atamtetea kama mle nyumbani hakuna anayejua kugawanya kwa nane?

Kwa hiyo wiki hii fanyeni mambo matatu. Andika kila mkopo ulio nao, na jumla utakayolipa mpaka mwisho, si ya kwa siku. Angalia akaunti yako ya NSSF, au kama huna, chagua kiasi cha kuweka kila siku na uanze nacho kesho. Kisha keti na mdogo wako, umfundishe asilimia kwa kutumia bei za dukani, asije naye akasema akicheka kwamba hesabu zilimshinda.

Allah atubarikie katika kidogo tulicho nacho, na atupe akili ya kukihesabu.