Haut-Katanga: Mashine haiijui jamaa ya mtoto wa Kasenga

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa kazi ya kijamii kutoka Lubumbashi anafanya staji Kasenga, kando ya mto Luapula, mpakani na Zambia. Mtoto amefukuzwa nyumbani, anaitwa mchawi. Mwanafunzi anaombwa ripoti kwa ajili ya mahakama ya watoto. Anafungua simu, anauliza akili bandia, na kwa dakika mbili ripoti iko tayari, kwa Kifaransa kizuri.

Shida inaanzia hapo. Mashine inaweza kushauri mtoto apelekwe kwa ndugu za baba. Lakini kwa Wabemba na jirani zao wa Luapula, ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa juu ya mtoto. Mashine imejifunza zaidi kutokana na maandishi ya Kiingereza na lugha zingine kubwa. Ya Kibemba ni machache sana. Hata pale isipojua, inajibu kama inayejua.

Kuna pia siri ya mtoto. Jina lake likiingizwa katika simu, linakwenda kwenye kompyuta za kampuni ya ngambo. Sheria ya Congo juu ya mambo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi. Na ile ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto na kuadhibu anayemsingizia uchawi.

Hata nchi tajiri zimeumia. Uholanzi, programu ya kompyuta ilisaidia idara ya kodi kuchagua wazazi wa kuchunguzwa juu ya msaada wa malezi. Maelfu waliitwa wadanganyifu bila kosa, wengi wao wenye asili ya kigeni. Serikali ilijiuzulu Januari 2021.

Kukataza simu darasani hakutasaidia, kwani mwanafunzi atazitumia kwa kujificha. Mwalimu awape ripoti iliyoandikwa na mashine, kisha aulize juu ya kila sentensi: nani amekuambia? Umeongea na mama? Na mjomba? Na muuguzi wa kituo cha afya? Sentensi isiyo na jibu ifutwe.

Hakimu ataamua mtoto alale wapi kwa kufuata karatasi hiyo. Na sahihi iliyo chini yake ni ya asistenti sosiali.