Mtoto Msafiri Naye Ana Rukhsa

Katika lugha yetu mna neno ambalo wengi hulitamka kila mwaka bila kumkumbuka nduguye, nalo ni likizo. Mtumishi anayeruhusiwa kupumzika hupewa likizo, na mtoto anayeondolewa ziwani hulikizwa. Asili ya maneno haya ni moja, yaani kuachiliwa, na wazee waliotuachia hawakudhani, naamini, kwamba ingefika siku likizo ya mama na kulikizwa kwa mtoto vikatiwa katika sanduku moja na kupandishwa ndege. Siku hiyo imefika, na mimi niliyekaa East Ham, mashariki ya London, miaka mingi kiasi cha kupokea wageni wa kila namna, naona ni wajibu wangu kusema waziwazi kwamba mwezi wa safari si mwezi wa kumlikiza mtoto.

Desemba iliyopita alinijia mkwe wangu kutoka Tanga, pamoja na mwanangu na mjukuu wangu wa miezi kumi, kwa mapumziko ya wiki nne. Nia ya safari ilikuwa matembezi, lakini ndani yake mlikuwa na nia ya pili ambayo mkwe wangu hakuificha. "Mama, nimekuja unisaidie kumwachisha," aliniambia usiku wa kwanza, kabla hajavua koti la kuazima. Sikustaajabu. Ada ya pwani yajulikana: mtoto atakiwaye kuachishwa hupelekwa kwa bibi yake akalale huko siku kadhaa asisikie harufu ya mama, na ikiwa bibi yu mbali, ziwa hupakwa shubiri. Yeye aliona kuwa bibi wa London ni bibi vilevile. Wala sikuweza kumlaumu, maana zile siku 84 ambazo sheria ya Tanzania humpa mama kwa likizo ya uzazi alikwisha kuzimaliza zamani, na kila asubuhi kazini ilikuwa mashaka mapya. Aghalabu mwanamke mwenye ajira akipata faragha ya wiki nne huiona kuwa ndiyo fursa ya kumaliza kila lililobaki nyuma.

Lakini mtoto hana saa. Saa tisa usiku ya London, wakati wa baridi, ni saa kumi na mbili asubuhi ya Tanga, na kwa hiyo kila usiku, ilhali nyumba nzima i kiza na madirisha yametokwa jasho, mjukuu wangu aliamka mkunjufu wa uso, tayari kwa kifunguakinywa, akapiga kelele za furaha hata jirani wa ukuta wa pili akagonga. Mchana, alipotakiwa kula, alilala. Na alipoamka jua lilikuwa limekwisha kuchwa, maana mwezi huo hapa jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Mkwe wangu alikuwa ameandika ratiba nzuri na kuibandika mlangoni pa jokofu: uji saa fulani, tunda saa fulani, mboga na samaki saa fulani. Siku ya tatu ile karatasi ilikuwa ingali pale, lakini hapakuwa na mtu aliyeitazama. Mtoto alifunguliwa kichupa cha kuku na boga kutoka dukani, akafumba midomo kama mlango wa bohari; akaletewa kingine, cha karoti, akakipangusia shavuni.

"Mama, amekataa tena."

"Basi mpe ziwa, mwanangu."

"Si tulisema aache?"

"Ulisema wewe. Yeye hakusema."

Hapo ndipo fikira yangu ilipotulia juu ya jambo ambalo kila aliyekwenda chuoni utotoni analijua. Dini imempa msafiri rukhsa: sala ya rakaa nne huisali mbili, na saumu ya Ramadhani aweza kuiacha akailipa baadaye, na mama anyonyeshaye, hata akiwa nyumbani kwake, ana rukhsa mfano wa hiyo akichelea afya yake au ya mwanawe. Ikiwa mtu mzima, mwenye akili timamu na tiketi yake mfukoni, amehurumiwa kwa uchovu wa njia, mtoto wa miezi kumi, aliyepitishwa Ghuba usiku wa manane na kuteremshwa katika baridi asiyoijua, amekosa nini hata adaiwe sala kamili? Na mintaarafu ya kulikiza, Sura ya pili ya Qurani imetaja miaka miwili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, na ikaruhusu kuacha kabla ya muda huo pale wazazi wawili wanapokuwa wameshauriana na kuridhiana; haikutaja shangazi, wala jirani, wala bibi wa London. Shirika la Afya Duniani, ambalo halitazami Sura ya pili, linashauri vivyo hivyo kwa njia yake: ziwa peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula pamoja na ziwa hata kufikia miaka miwili au zaidi.

Nisieleweke vibaya. Rukhsa si kuacha sala, na mtoto wa umri huo hawezi kuishi kwa ziwa tu mwezi mzima. Baada ya miezi sita madini ya chuma anayoyapata katika maziwa ya mama hayamtoshi, na shuruti apate mahali pengine, katika nyama iliyosagwa, au samaki, au adesi zilizopikwa zikavurugika. Ninalodai ni kwamba safarini mtoto apewe chakula anachokijua, kichache na kilekile, na ziwa libaki kuwa nyumba yake ya kurudia, hata kama mwenyeji wake ataona haya kwamba mgeni hakuonja vya kwake.

Na chakula anachokijua hapa London hakiko mbali kama wageni wadhanivyo. Nilimchukua mkwe wangu hadi Green Street, barabara ya maduka ya Wahindi na Wapakistani iliyo karibu nasi, nikamwonyesha pakiti zilizoandikwa "ragi". Aliichukua moja, akaitazama kwa shaka, akaibonyeza, akaisogeza puani juu ya karatasi yake, kisha akacheka: ulezi! Ulezi mtupu, uleule wa rangi ya gome, unaoliwa kusini mwa Bara Hindi kwa karne nyingi kama uliwavyo kwetu. Jioni ile ulitelekwa jikoni mwangu, ukapikwa hata ukaiva barabara, bila chumvi wala sukari, ukapozwa kwa maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Na yule mtoto aliyekataa vichupa viwili kwa siku moja akakifuata kijiko kwa kichwa kizima. Laiti ningewaambia mapema, wasingebeba kilo tatu za unga wa lishe wa nafaka saba na karanga, ambao mimi binafsi siupendi hata ukiwa nyumbani, kwa kuwa karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota kuvu yenye sumu, na mnunuzi hawezi kujua ndani ya saba hizo ipi imeharibika.

Siku ya Jumamosi tulikwenda South Kensington kuangalia mifupa ya nyangumi bluu iliyoning'inizwa katika ukumbi wa Makumbusho ya Historia ya Viumbe. Tulikipandisha ngazi kigari cha mtoto mikononi, maana kituo cha treni cha pale hakikuwa na lifti, na tulipotoka makumbushoni tukaingia mkahawa mmoja, nasi tukiwa na uji wetu katika kikopo. Mkwe wangu akamwomba mhudumu autie katika maikrowevu, mhudumu akakataa. Uso wa mkwe wangu ulibadilika, nikajua amedhani ni dharau. Lakini yule kijana akarudi na bakuli la maji ya moto, akaliweka mbali na mikono ya mtoto, kikopo kikatumbukizwa humo, na baada ya dakika chache uji ukawa vuguvugu pande zote. Katika hili naona mhudumu alikuwa na haki kuliko sisi, maana maikrowevu hupasha moto kwa upendeleo, mahali pamoja pakawa baridi na pengine pakaunguza ulimi, na ulimi wenyewe si wake wala si wangu.

Baada ya vijiko sita mtoto akageuza uso na kulivuta gauni la mama yake. Mkwe wangu akainuka kuulizia choo. Nikamshika mkono. Nani kati yetu angekubali kula chakula chake chooni? Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 imefanya kuwa ubaguzi kumtendea mama isivyo haki kwa kuwa ananyonyesha, iwe mkahawani, dukani au ndani ya basi. Naye alikuwa na mtandio wake, ambao ni stara kuliko mlango wowote wa choo. Akaketi, akanyonyesha. Hakuna aliyegeuka ila mwanamke mmoja mzee, na huyo alitazama kwa kuwa alitaka kumchekesha mtoto.

Juu ya vile vifuko laini vya kunyonya ambavyo supamaketi za hapa zimevipanga ukuta mzima, nina maneno machache na si matamu. Ni rahisi kubeba, sikatai, na katika foleni ya uwanja wa ndege vimewaokoa wengi. Lakini vingi kati ya hivyo, hata vilivyoandikwa jina la mboga, ni tunda lililosagwa likabaki utamu, na mtoto anayevinyonya hatafuni, hanusi, wala haoni anachokula. Mwaka 2025 serikali ya Uingereza yenyewe iliwataka watengenezaji wapunguze sukari na chumvi katika vyakula vya watoto, ikawapa miezi 18. Na kichekesho ni kwamba wazazi wa hapa wanapokwenda Unguja likizoni hujaza sanduku kwa vifuko hivyo, wakavipeleka hatua chache tu kutoka soko la Darajani, ambako ndizi, papai na parachichi vyahitaji uma tu kupondwa.

Mengine ya njia ni sahali kuliko sifa zake. Hata katika zama za kanuni kali ya mililita 100, chakula na maziwa ya mtoto anayesafiri havikuhesabiwa humo, ila maofisa waweza kutaka kufungua chombo. Maziwa ya mama yaliyogandishwa ndiyo hayakubaliwi mkobani katika viwanja vya Uingereza. Atokaye Tanzania asibebe nyama wala jibini kuja huku, kwani vitakamatwa. Ndege inapopaa na inapotua, mtoto anyonye, kwani kumeza huondoa mbano wa masikio. Na anayetumia maziwa ya kopo asiyakoroge kwa maji vuguvugu ya chupa ya chai iliyoshinda mkobani tangu asubuhi, kwa kuwa unga wenyewe hauna dhamana ya usafi, na ni maji yasiyopungua nyuzi 70 ndiyo yauuayo vijidudu. Kisha ndipo yapozwe.

Wako watakaosema kwamba mtoto hufunzwa dunia kwa kuonjeshwa dunia. Nawakubalia nusu. Mjukuu wangu alipata njegere za London. Nilizibinya moja moja kwa kidole zipasuke, nikazitawanya mezani, naye akaziokota kwa kidole gumba na cha shahada, kwa makini ya sonara. Ilikuwa wiki ya tatu, amekwisha kuizoea saa ya hapa, na hakuna aliyemlazimisha. Mgeni wetu mmoja, mzee wa heshima, alikuja na kichupa cha asali akataka kumpaka kinywani kwa baraka. Ikanibidi nikizuie kidole chake hewani, kwani asali haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, huenda ikawa na mbegu za maradhi yanayolegeza misuli hata pumzi. Mzee alichukia kidogo. Alipopewa chai akasahau, ila ile asali hakuichukua.

Wameondoka. Mtoto ananyonya bado, na mume na mke wamekubaliana kuzungumza juu ya kumwachisha watakapokuwa kwao, katika mwezi usio na sanduku. Nusu ya pakiti ya ulezi imebaki kabatini mwangu, nami huukoroga asubuhi, peke yangu, nikatia asali ya yule mzee, kwa kuwa mimi nimekwisha kutimiza mwaka.