Zamu ya Kazi Isimnyime Mtu Mchezo Wake



Wako watu wadhanio kuwa sataranji ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba mtu wa reli hauwezi. Juma lililopita, katika mashindano ya klabu hapa Kitengela, walikuwapo dereva wa lori, fundi cherehani, mwalimu, na sisi watu wa reli. Mezani hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Utaratibu wenyewe ni ule uliotumiwa kwanza Zürich, Uswisi, mwaka 1895: mshindi hupata pointi moja, waliotoka sare nusu nusu, na kila raundi mtu hukutanishwa na mwenye pointi kama zake. Hatolewi mtu kwa kushindwa mara moja. Huo ni utaratibu wa haki.

Lakini raundi ya tatu ilinisikitisha. Mwenzetu mmoja alishinda raundi mbili Jumamosi, kisha akaenda zamu ya usiku. Asubuhi aliyepaswa kumpokea alichelewa, naye hakuondoka, kwani treni haiachwi kwa sababu ya mchezo. Huku mezani saa yake ikaenda peke yake. Muda wa kungoja ulipokwisha, akaandikiwa sifuri. Mpinzani wake alikuwa ametoka Kajiado, yapata kilomita 50, kwa nauli yake mwenyewe. Akapewa pointi bila kusogeza hata askari mmoja, wala hakufurahi.

Siwalaumu waamuzi. Sheria za FIDE, chama cha sataranji cha dunia kilichoanzishwa Paris mwaka 1924, zasema achelewaye kupita muda uliowekwa ameshindwa, isipokuwa mwamuzi aamue vingine. Shida ni kwamba ratiba hupangwa kana kwamba watu wote hulala usiku na kupumzika Jumapili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yatupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, bali haikusema kuwa siku hiyo ni Jumapili. Mtu wa treni, bawabu na muuguzi wayajua hayo.

Basi nashauri mambo mawili. Kwanza, klabu itangaze saa za raundi zote kabla ya kupokea kiingilio, na imruhusu mchezaji kuomba kupumzika raundi moja kwa nusu pointi, mradi aombe kabla ya wachezaji kupangwa. Mashindano mengi duniani huruhusu jambo hili. Mwenzetu aliijua zamu yake mapema, angaliomba. Wako watakaosema kuwa huu ni upendeleo. Sivyo. Nusu pointi si ushindi, na yule wa Kajiado angalipangiwa mtu wa kucheza naye badala ya kukitazama kiti kitupu.

Pili, tawi letu lizungumze na wakubwa wa kazi ili kubadilishana zamu kuandikwe mapema na kutiwe sahihi, kusitegemee hisani ya msimamizi. Leo ni sataranji. Kesho ni arusi, mazishi, au mkutano wa chama chetu hiki. Mtu asiyeijua siku yake ya mapumziko hawezi kumwahidi mwenziwe neno lo lote.

Ndugu zangu, yapelekeni haya katika mkutano wa tawi, tuyaseme kwa sauti moja. Umoja ni nguvu.