Tuingie Ndani ya Nyumba Kabla ya Kupanga

Iko desturi katika ofisi nyingi, Bara na Visiwani, ya kuupima umaskini kwa kaya. Afisa hufika kijijini, humtafuta mkuu wa kaya, humwuliza ana ekari ngapi, ana ng'ombe wangapi, ana ngarawa au hana. Kisha hufunga daftari lake akaondoka. Daftari hilo ndilo lizaalo mpango, na mpango ndio uzaao fedha. Leo twapenda kuwaomba ndugu zetu maafisa, pamoja na wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, waufungue tena ukurasa wa kwanza wa daftari hilo, kwani twaamini kwamba kosa huanzia hapo.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni tunayemkumbuka hapa ni Bibi Eva Tobisson, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uswidi. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Göteborg kilichapisha kitabu chake juu ya maisha ya familia za Wakuria, wakulima na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, ikatoka makala yake, safari hii juu ya watu wa pwani ya Zanzibar, utalii na kilimo cha mwani. Mtu aweza kujiuliza, Tarime na pwani yetu zina uhusiano gani? Huko ni milima, ulezi na ng'ombe. Huku ni bahari, minazi na mwani. Sisi twaona kwamba uhusiano upo, nao ni mkubwa.

Tuanze na Tarime na jirani yake Serengeti, ambako Wakuria huishi pamoja na Waikoma, Wangoreme, Wanata na wengineo. Kwa Wakuria, mji wa mzee mmoja si kaya moja kama daftari linavyodhani. Kila mke ana nyumba yake, na neno nyumba hapo halina maana ya kuta na paa tu. Nyumba ni mama na watoto wake, na mashamba wanayoyalima, na ng'ombe waliotengwa kwa ajili yao. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari huhesabiwa kuwa ni wa nyumba ya mama yake, na kwa ng'ombe hao kaka yake wa tumbo moja hutarajia kuoa. Mgeni alitazamapo zizi huona kundi moja la ng'ombe. Wenyewe huona nyumba tatu au nne, kila moja na haki yake na madai yake.

Hata hivyo, mwenye kauli ya mwisho juu ya zizi ni baba. Mama aliyelima, akapalilia, akavuna na kukamua, hana ruhusa ya kumtoa ng'ombe mnadani kwa hiari yake. Wala hana kiti katika inchama, baraza la siri la wazee ambalo tangu zamani limekuwa na kauli kubwa katika mambo ya mila. Kwa hiyo mzigo wa kazi uko upande mmoja, na amri ya mali iko upande wa pili.

Ugumu wa jambo hili waonekana zaidi katika ile ndoa iitwayo nyumba ntobhu. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, nyumba yake haina mrithi. Basi hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa binti, na watoto watakaozaliwa na binti huyo huwa ni wa nyumba ya yule mama. Wako wanaoicheka desturi hii kwa kutoielewa. Sisi hatuicheki, kwa kuwa ni njia waliyoivumbua wanawake ili wasinyang'anywe matunda ya jasho lao. Lakini hatuwezi pia kuisifu bila kuuliza habari za yule binti. Mara nyingi ni msichana mdogo wa familia maskini, aliyetolewa kwa ng'ombe kabla hajajua kuchagua. Na kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, ndoa yake haimo katika sheria hiyo, naye akidhulumiwa hana hati ya kumtetea.

Sasa turudi nyumbani. Msomaji wetu atasema kwamba mambo hayo ni ya Wakuria, sisi Visiwani tuna dini yetu, mahari ni ya bibi harusi mwenyewe, na mwanamke hurithi fungu lake. Ni kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini haki iliyomo katika kitabu na fedha iliyomo mkononi ni vitu viwili, na ufuo wa Paje na Jambiani watufundisha hivyo.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika vijiji hivyo mwaka 1989, kikaenea Unguja na Pemba. Wengi mno wa wakulima wake ni wanawake. Maji yakitoka wakati wa bamvua huonekana wameinama ndani ya maji ya magoti, wakifunga miche kwenye kamba. Kwa mwani huo akina mama walipata fedha ambazo hawakupata kuzipata kwa kusuka makuti wala kupiga usumba. Wakanunua mabati, sare za skuli, vyombo vya nyumba. Yalikuwa mageuzi makubwa, ingawa hayakutangazwa kwa ngoma.

Leo bahari imepata joto. Mwani wa aina ya kotoni, wenye bei nzuri, umekuwa ukifa katika maji ya kina kifupi, na mkulima akabaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo. Yasemwa kwamba dawa ni kwenda kwenye kina kirefu, penye ubaridi. Rai hiyo ni njema, lakini ni nani mwenye chombo? Ni nani aliyefundishwa kuogelea? Kina kirefu chataka boti, na boti kwa desturi ni mali ya mwanamume. Ikiwa msaada wa boti utaandikwa kwa jina la mkuu wa kaya, basi zao lililojengwa na akina mama kwa zaidi ya miaka thelathini litahama mikono, na katika daftari la Serikali itaandikwa kwamba kaya imeendelea. Hapo tutakuwa tumelijenga zizi la Tarime katikati ya bahari.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kupita wote katika nchi. Aliyeliongoza taifa wakati huo, Mwalimu Nyerere, alikuwa mtu wa Butiama, mkoa huo huo wa Mara. Haifai ukweli uliokirimiwa wakati ule uwe bado ni habari mpya kwa mpangaji wa leo.

Kwa hiyo twatoa rai tatu. Kwanza, afisa akifika kijijini asiandike kaya kabla ya kuuliza nani hulima, nani huuza, na nani huishika fedha. Pili, boti, kamba na mafunzo ya kuogelea yatolewe kwa majina ya wakulima wa mwani wenyewe, na katika kamati zinazopanga matumizi ya ufuo, akina mama hao wawe na kauli, wala wasiitwe kuja kupika chai ya mkutano. Tatu, vitabu vya wataalamu waliokaa kwetu, wakaula ugali wetu na kuuliza maswali yetu, vifasiriwe kwa Kiswahili na kurudishwa Tarime, Mugumu, Chwaka na Jambiani. Mwenyeji hawezi kupona kwa dawa iliyofungiwa katika maktaba za ng'ambo.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Twawaomba viongozi wetu waulize, na safari hii wamwulize na mama.